Sista Amekataa Nyama ya Kiamaiko

Ukifika mtaa wa Maringo ukauliza kwa Koki ni wapi, hukosi mtu wa kukuonyesha, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamume mzima mwenye ndevu ambaye Koki aliwahi kumpangusa kamasi. Alifanya kazi katika nasari ya kaunsil ya jiji tangu alipokuwa msichana mwembamba aliyeshuka kutoka Machakos na sanduku la bati, mpaka akastaafu akiwa mnene na magoti yanayolalamika. Ofisini walimwandika msaidizi. Watoto hawakujua mambo ya ofisi, wao walimwita Ticha Koki, na kazi yake kubwa ilikuwa uji.

Uji wa Koki ulikuwa na sheria. Watoto walikaa chini kwenye mikeka, mistari kwa mistari, na kila mmoja akawekewa kikombe chake mbele ya magoti. Hakuna aliyegusa mpaka wa mwisho kabisa amepata. Mtoto akiharakisha, Koki hakumchapa wala hakumfokea. Alifunika kikombe kwa kiganja, akamtazama, akasema, "Ngoja." Kisha wote walifumba macho, au walijifanya wamefumba, naye akaomba dua ile ile ya miaka yote, kwamba Mungu Baba asante kwa kilicho mbele yetu, mkumbuke na aliye nje ya lango. Watoto wakapasua "Aminaaa" kwa sauti moja, mpaka kina mama waliouza sukuma nje ya ua wakajua saa nne imefika. Hapo ndipo vikombe viliinuliwa.

Siku hizo Maringo ilikuwa Maringo. Ni kweli kila mzee husifu ujana wake, lakini ua wa miti ya kayaba ulikuwa unakatwa kweli, na taa za barabarani zilikuwa zinawaka, na Muthama, mume wa Koki, aliyekuwa dereva wa lori la taka la kaunsil, alikuwa akiliosha lori hilo kila Jumamosi kama gari la harusi. Jioni meza ya nyumba yao ndogo ilijaa. Watoto wao walikuwa wanne, na jirani hakukosa kutuma wake mmoja au wawili. Koki aliomba dua ile ile ya nasari, Muthama akaitikia Amina kwa sauti nzito ya kutoka tumboni, watoto wakamfuata, na sufuria ikafunuliwa. Koki hakujua kwamba siku moja angeikosa sauti hiyo kuliko hata chakula chenyewe.

Basi watoto wakakua, wakatawanyika. Ndete, kitinda mimba, akapata fleti mtaa wa Huruma, akaoa. Muthama akaugua, akaenda zake. Koki akabaki na nyumba, kuku watano na redio. Wezi walipochukua kuku wawili, watu wa kanisa walimshauri atafute mbwa, na ndivyo alivyojikuta katika kituo cha kuokoa wanyama nje ya mji, akipitishwa mbele ya vizimba na dada mmoja aliyeitwa Adhiambo.

Mbwa wengine walibweka na kurukia waya. Mmoja alikaa nyuma kabisa, kahawia, sikio moja limechanika, na shingoni ana utepe mweupe kama kola ya mtawa. Adhiambo alieleza kwamba jike huyo alikutwa amefungwa kwenye nyumba iliyohamwa, mifupa mitupu, na kwamba tayari alikuwa amechukuliwa mara mbili na kurudishwa mara mbili kwa kosa la kuwa mpole. Koki akasema hata yeye ni mpole na hakuna aliyemrudisha Machakos. Akamchukua, akamwita Sista kwa sababu ya ile kola.

Maringo walicheka mpaka wakachoka. Mama mzima, mjane, anatembea na mbwa mwenye jina la heshima! Lakini kuku hawakuibiwa tena, kwa kuwa Sista, pamoja na upole wake wote, alikuwa na mngurumo mmoja wa chini uliowafanya watu wakumbuke shughuli zao kwingine. Jioni Koki alimwekea Sista bakuli lake la bati karibu na mlango, akajipakulia, akaketi. Siku ya kwanza mbwa alirukia bakuli. Koki, bila hata kufikiri, akainama akalifunika kwa kiganja, akamtazama, akasema, "Ngoja." Akaomba. Ikawa hivyo kesho yake na keshokutwa, na baada ya muda hakuhitaji tena kuinama. Hakuona kwamba amemfundisha mbwa kitu chochote. Kwake hiyo haikuwa kazi, ilikuwa kula tu.

Miaka ikasonga, mpaka asubuhi moja Koki akateleza penye bomba la nje akaumia nyonga. Ndete akaja mbio, na safari hii hakubembeleza. Alisema mama anahamia Huruma na mazungumzo yamekwisha. Koki alijua kijana ana haki, na moyoni alishukuru kuwa na mtoto wa kumfokea kwa mapenzi. Tatizo lilikuwa moja. Fleti ile iko ghorofa ya nne, na mwenye jengo hataki mbwa, wala paka, wala jogoo. Sista angekwenda wapi?

Hapo ndipo Koki alipoacha kulala vizuri. Alimpigia Adhiambo kituoni, na Adhiambo hakumficha. Alisema watampokea Sista, mlango uko wazi, ila mbwa mzee aliyerudishwa mara ya tatu hana wa kumchagua tena, na vizimba vimejaa. Alimsihi Koki atafute nyumba yeye mwenyewe, kwa mtu anayemjua. Koki akakata simu akamtazama Sista aliyelala juani, na akajisikia kama mtu anayekula njama dhidi ya rafiki.

Shemasi mmoja wa kanisani alimtaka, lakini alitaka kumfunga mnyororo mchana kutwa apate kuwa mkali. Koki akamwambia asante, akamsindikiza mpaka barabarani ili ahakikishe ameondoka. Mwingine alimtazama meno akauliza kama anazaa bado. Huyo hakusindikizwa.

Ndipo akamkumbuka Kawsar. Kwa miaka mingi Koki alikuwa akienda Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi, kununua kichwa na miguu ya mbuzi ya supu, na alinunua kwa Kawsar tu, mwanamke wa makamo kutoka kaskazini aliyeachiwa biashara ya mbuzi na marehemu mumewe, akaiendesha vizuri kuliko marehemu. Kawsar alikuwa na boma la mabati nyuma ya machinjio, mbuzi wakishushwa kwenye malori wanalala humo, na vibaka wa mtaa walikuwa wakiruka ukuta na kumnyofolea mmoja mmoja. Koki alipomweleza, Kawsar alifikiri kidogo, akasema dini yake inamruhusu mwenye mifugo kuwa na mbwa wa kuilinda. Akaweka masharti yake wazi. Mbwa atakaa bomani na mbuzi, haingii nyumbani, hagusi vyombo vya watu. Lakini atakuwa na kivuli na maji, hatafungwa, na nyama, jamani, kama kuna mbwa atakayelala njaa Kiamaiko basi huyo ana shida zake.

Koki alicheka, akaona Mungu amemjibu. Walimpeleka Sista siku ile ile Ndete alipohamisha vitu. Mbuzi walimnusa, naye akawanusa, akachagua pembe yake akalala. Koki alimkuna sikio lililochanika, akaondoka bila kugeuka nyuma, kwa kuwa alijua akigeuka hataondoka.

Fleti ya Ndete ilikuwa nzuri. Ukiwa kwenye baraza ya kuanikia nguo uliweza kuona mapaa ya mabati ya Kiamaiko, na upepo ukigeuka ulisikia hata mbuzi. Mkamwana wake, Wavinya, alimpokea vizuri, akamtengea chumba chenye dirisha. Koki alijilazimisha kuridhika. Kisha simu ikaita, na alikuwa Kawsar.

Sista hali chakula, alisema. Tangu alipokuja hajatia kitu mdomoni isipokuwa maji. Wamempa matumbo, wamempa mapafu, kijana mmoja amempa hata paja, paja zima! Anakaa mbele ya nyama, anatazama watu nyusoni, halafu baada ya muda anageuka kwenda kulala. Daktari wa mifugo aliyekuja kukagua mbuzi amemtazama meno na tumbo, hakuona ubaya. Wafanyakazi wameanza kumkejeli, wanasema huyu ni mbwa Mkristo, amekataa nyama ya halali. Kawsar mwenyewe hakucheka alipolisema hilo. Alisema hawezi kumwacha kiumbe afe njaa ndani ya boma lake, hiyo ni dhambi iliyo wazi, kwa hiyo Mama Ndete, ndivyo alivyomwita Koki, aje amtazame, na ikishindikana amrudishe alikomtoa.

Koki alishuka ngazi za ghorofa nne na nyonga yake mbovu. Alikuwa amesonga ugali, amemimina supu juu yake, akautia katika bakuli lile lile la bati la Maringo, kwa kuwa alikuwa na hakika kwamba mbwa anakosa bakuli lake. Njiani alikuwa akimsuta kimoyomoyo: mpumbavu wewe, unaletewa paja unataka ugali.

Sista alipomwona aliruka kama mtoto wa mbwa, akazunguka miguu yake mpaka mbuzi wakaogopa. Koki akaweka bakuli chini.

"Kula, mama," akamwambia. "Kula, nimekuletea."

Sista akakaa mbele ya bakuli. Mate yalikuwa yanamdondoka. Hakuligusa, alimtazama Koki usoni tu.

Koki akamsogezea bakuli. Akachukua tonge akampelekea puani. Mbwa akageuza kichwa kwa adabu, kisha akarudisha macho yale yale kwenye uso wake. Koki akaketi juu ya debe lililopinduliwa, na machozi yakamtoka mbele ya wanaume na mbuzi. Aliona amefahamu. Sista alikuwa amevunjika moyo. Mara ya nne anaachwa, na ameamua basi. Nani angemlaumu? Koki mwenyewe, pale Huruma, chakula kilikuwa hakimshuki vizuri, ila yeye alikuwa mtu mzima na alijua kujifanya.

Akatoa simu akampigia Adhiambo, akamwomba aje na gari kesho amchukue. Adhiambo akasema sawa mama, na jinsi alivyolisema ilitosha kumwambia Koki kinachomngoja Sista.

Kawsar alikuwa amesimama kando, mikono ameikunja ndani ya mtandio. Alijaribu kumfariji, akasema hakuna aliyekosa, wengine hawahamishiki. Wakati huo mchana ulikuwa umeingia, wafanyakazi wanatoka kuswali, sinia la wali linaletwa, na wabebaji waliokuwa wakipakia nyama ya mbuzi kwenye lori wanaingia kutafuta kivuli. Mmoja wao alikuwa pande la mtu, amevaa gambuti nyeupe za mpira hadi magotini, amejaa damu mpaka kwenye viwiko. Alimtazama Koki mara mbili, akavua kofia.

"Ticha Koki?" akasema. "Ni mimi, Owen. Owen wa kina Wasike, nyumba za karibu na hall."

Koki akapangusa macho akamtazama. Alimkumbuka mara moja, yule aliyekuwa akimwaga uji kila Jumatatu. Owen akataka kujua analia nini, na Kawsar akamweleza yote kwa kifupi. Owen akamgeukia Sista. Mbwa bado alikuwa amekaa wima, miguu ya mbele pamoja, bakuli mbele yake, macho kwenye midomo ya Koki. Owen akatazama kwa muda. Kisha bega lake likaanza kutikisika, Koki akadhani naye analia, kumbe anacheka.

"Ticha, cheki vile amekaa," akasema. "Si hivi ndio ulikuwa unatukalisha na kikombe? Huyu hajagoma. Anangoja uombe."

Koki alitaka kumkemea kwa kufanya mzaha wakati mbaya. Lakini aliona mbele yake mlango wa nyumba ya Maringo, bakuli, sahani yake, mkono wake. Kila siku, hakuna hata moja aliyoacha. Na hakumwambia mtu. Alimweleza Kawsar habari za kupe, na za sikio, na jinsi anavyoogopa radi, akasahau hili moja, kwa sababu nani hukumbuka kusema kwamba kabla ya kula watu huomba?

Akaona haya. Hapo alipokuwa ni boma la Waislamu, watu wametoka kuswali sasa hivi, na yeye aanze kumwombea mbwa? Mchungaji wake akisikia je? Akamtazama Kawsar. Kawsar akatazama bakuli, akatazama mbwa, akashusha pumzi.

"Omba, Mama Ndete," akasema. "Aliyeumba mbuzi ndiye aliyemuumba na huyu."

Basi Koki akafumba macho pale pale kwenye debe. "Mungu Baba, asante kwa kilicho mbele yetu. Mkumbuke na aliye nje ya lango." Sauti ilimtoka ndogo, tena ya kukwaruza. Akafika mwisho, akavuta pumzi kama alivyokuwa akivuta mbele ya mikeka, na kabla hajasema kitu Owen akapasua "Aminaaa" ya nasari, ile ile, imeongezewa ndevu tu, na wale waliokuwa wakizunguka sinia, ambao walisikia dua na kujua mwisho wa dua ni nini, wakaitikia pamoja, "Amin."

Sista akainamisha kichwa akala. Alikula mpaka bakuli likasogea kwenye saruji, akalifuata likisogea. Boma zima likavunjika mbavu, hata Kawsar alijifunika uso kwa mtandio. Koki hakucheka. Alikuwa bado amefumba macho. Ilikuwa miaka mingi tangu aombe akaitikiwa na sauti nyingi za wanaume na vijana kwa pamoja, na alitaka zimkae masikioni kidogo kabla hazijaisha. Alimkumbuka Muthama waziwazi, na safari hii haikumuuma, ilimpendeza.

Ikabaki shida ya kesho. Owen haji kila siku, na Kawsar alisema wazi kwamba mbwa atamlisha, atamlinda, lakini kumwombea hapana, watu watasema nini. Koki akakubali, hakuona kosa. Wakafikiri, mpaka Kawsar mwenyewe akatazama sinia. Wafanyakazi wake hula pamoja kila mchana, akasema, na wakimaliza, mkubwa wao huomba dua ya shukrani, na wote huitikia. Wanajiombea wao. Lakini kama mtu ataweka bakuli la Sista pale nyuma ya mabati dakika hiyo hiyo, basi Sista ana masikio, moja na nusu.

Walijaribu hapo hapo. Sinia likaliwa, na Kawsar akatupa pande la pafu nyuma ya mabati. Sista, pamoja na shibe ya ugali, akakaa wima. Mzee wa wafanyakazi akainua viganja, akaomba kwa Kiarabu dua ambayo Sista hakuwahi kuisikia, wenzake wakasema Amin, na pafu likatoweka. Owen akasema sasa hawezi tena kuitwa mbwa Mkristo, wala Mwislamu pia hawezi kuitwa. Kawsar akamfukuza arudi kazini.

Koki akampigia Adhiambo simu ya pili, akamwambia asije na gari, aje siku yoyote na miguu yake mwenyewe aone. Akamkuna Sista sikio. Mbwa alimlamba mkono, kisha akaondoka polepole kwenda kulala katikati ya mbuzi, na safari hii Sista ndiye aliyeondoka bila kugeuka nyuma. Koki alisimama hapo akiumia na kufurahi kwa pamoja.

Jioni hiyo Huruma, Wavinya alipakua pilau. Katika nyumba ile kila mtu alichukua sahani yake jikoni akaenda nayo alipotaka. Wajukuu walikuwa na simu, Ndete alikuwa na habari za runinga, na alikuwa amekwisha kula vijiko vitatu. Hawakuwa watu wabaya. Ni uchovu wa mji tu. Tangu ahamie, Koki alikuwa akiomba kimya, haraka, kama mtu anayejificha, asije akawasumbua watoto wa watu kwa mambo ya kizamani.

Leo aliweka sahani mezani, akafumba macho, akaomba kwa sauti. Asante kwa kilicho mbele yetu, mkumbuke na aliye nje ya lango. Alipofika mwisho alinyamaza. Runinga iliendelea kusema. Koki akafumbua macho, akaweka mikono yake pamoja kando ya sahani, akakaa wima, akamtazama mwanawe usoni.

Wavinya ndiye aliyeona kwanza. Akauliza kama pilau imezidi chumvi.

"Hapana, mwanangu, ni nzuri sana," akasema Koki. "Nangoja."

Ndete akageuka. Alimtazama mama yake, akatazama mikono ile, na kijiko kikabaki hewani. Naye utotoni alikuwa amekalia mikeka ile ya nasari. Akakirudisha kijiko kwenye sahani taratibu, akazima runinga, wajukuu wakainua vichwa kuona kumetokea nini.

"Amina," akasema Ndete, kwa sauti nzito ya kutoka tumboni.

Koki akala.